Shahamu kwenye Mabwawa ya Chini

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Nimekukosea. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitamaliza karatasi nzima bado nasalimia.

Sasa salamu. Huku hatujambo. Goti la Mama limetulia, anatembea mpaka kwenye mfereji na kurudi bila fimbo, halafu anamsimamisha kila anayepita amwambie kwamba amefika mwenyewe. Wifi yako anakusalimia, anauliza kama lile koti lilikutosha. Mwanangu mkubwa amefaulu mtihani wa udereva alipoufanya mara ya tatu, ila ukimuuliza yeye ni mara ya kwanza. Baridi ya mwaka huu si mchezo. Asubuhi mabwawa yanafuka mvuke kama birika.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Simu huku bondeni haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na mambo haya si ya kusimulia mtu ukiwa juu ya tangi. Barua atakuletea Breki, dereva wa lori la chakula cha samaki, kwa hiyo itafika siku lori litakapofika.

Ni hivi. Matokeo ya jaribio lako unayo. Mabwawa mawili ya juu, yale ya chakula cha zamani chenye mafuta ya samaki, samaki wetu wa trauti wamekua vizuri. Mabwawa mawili ya chini, yale ya chakula chako cha mafuta ya mbegu za kitani, wamedumaa. Mapezi yamelika, mikia imebaki vipande, na nikitumbukiza wavu niwapime wanageuka matumbo juu, wanazimia kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Wengine wanazinduka, wengine ndiyo basi. Wewe umeandika kwenye ripoti yako kwamba mafuta ya kitani hayakuwafaa.

Si kweli. Hawakuyala.

Lile pipa ulilotuma lilifika linavuja. Nusu ya mafuta ilimwagika njiani. Wiki ya tatu yakaisha, nikaona aibu kukusumbua, nikaenda kwa muuza nyama nikachukua shahamu ya ng'ombe, nikaiyeyusha, nikawa naimwagia punje zako za chakula. Niliwaza mafuta ni mafuta, samaki anataka kushiba. Sikujua kama itawadhuru. Nikaenda hivyo wiki kumi na moja, na kwenye daftari la mabwawa kila siku naandika kitani, kitani, kitani.

Basi ndiyo hiyo. Ilikuwa bahati mbaya. Nisamehe.

Kaka yako


Tarehe 29 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za goti la Mama. Mwambie dereva mpya kwamba shangazi yake hapandi gari lake mpaka mwaka upite. Koti limenikaa vizuri, wifi ana jicho. Mimi mzima. Nimehamia chumba kilicho karibu na kiwanda chetu cha chakula cha samaki, dirisha linatazama stoo, na kutwa nzima nasikia mashine zinashona midomo ya magunia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama.

Punje zile tulizikamua mafuta yote makusudi, ili mafuta utakayomwaga wewe ndiyo yawe mafuta pekee samaki anayopata. Kuna mafuta ambayo mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea, lazima ayale. Ya trauti yamo kwenye mafuta ya samaki, na yamo kwenye kitani pia, ila mafuta ya samaki yanazidi kuadimika kila mwaka, ndiyo sababu ya kazi yangu yote. Kwenye shahamu ni kama hayamo. Shahamu inampa shibe tu, ini lake linapauka na kujaa mafuta yasiyomsaidia. Na kitani tulikituma kwenye pipa peke yake ili kisichache njiani kikiwa kimeshachanganywa. Haya yote nilikueleza tumekaa kwenye ngazi ya stoo yako, ukasema umeelewa.

Naomba unijibu bila kuzunguka. Shahamu ulianza tarehe ngapi? Uliweka kilo ngapi kwa gunia? Ni mabwawa yote mawili au moja? Na pipa liko wapi? Nimemuuliza Breki, anasema alilishusha likiwa kavu, na wewe ukamsainia.

Halafu kuna hili. Mama alimtuma Breki aniambie kwamba kaka yangu siku hizi ni mtu wa maana, ameipaka milango yake yote mafuta, inang'aa, na nyumba inanukia kama rangi mpya na karanga mbichi. Ni mafuta gani hayo, kaka?

Kamati ya kiwanda inakaa Jumatano tarehe 23 Septemba kuamua kama kazi ya kitani iendelee au itupwe. Ni miaka yangu minne. Barua yako sijamwonyesha mtu.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Lori la mwanzo wa mwezi nililiacha likaondoka bila barua. Breki alipiga honi mara tatu, nikajifanya nimeinama nasafisha chujio, sisikii kwa sababu ya maji. Yeye si mjinga. Alinipungia mkono.

Mama hajambo. Wifi yako amenunua kuku, sasa wanataga mpaka chini ya kitanda changu, na ukiwafukuza wanakutazama kama mgeni ni wewe. Ile barua yako, Mama alisikia imefika akataka asomewe. Nikamsomea salamu, nikaruka katikati, nikamalizia na jina. Akasema, rudia pale pa koti. Nikarudia. Mimi nimeishi naye nyumba ya pili miaka yote hii, namwambia habari kila siku, hajawahi kuniambia rudia.

Majibu yako. Nilianza tarehe 5 Februari. Mabwawa yote mawili ya chini. Kilo mbili na nusu kwa gunia, sawasawa na ulivyoagiza, maana kupima nilipima.

Pipa halikuvuja. Liko nyuma ya banda la nyavu, nimelifunika turubai. Zaidi ya nusu ya mafuta bado yamo. Fundi seremala alikuja kurekebisha dirisha la Mama, akanusa mkono wangu, akauliza, hiki kitani umekipata wapi, hakuna kitu kinachokaa kwenye mbao kama hiki. Nikampa debe. Akapaka milango, madirisha, mpaka kiti cha Mama. Mama akatoka, akapitisha kiganja mlangoni, akawaita majirani. Akasema mwanangu ana mkono wa baraka. Nilitakiwa kusema kitu pale. Lilikuwa neno tamu, nikalimeza.

Unataka kujua kwa nini. Mwezi wa kwanza ulikuja na wale wenzako wawili wenye mabuti meupe. Mimi nawalisha samaki kama nilivyowalisha miaka ishirini na miwili, kwa konzi, natazama maji. Ukaninyang'anya kopo la chakula mkononi mbele yao, ukasema, "Kaka, usikadirie. Pima." Yule mfupi akacheka. Ukacheka na wewe kidogo.

Nilikasirika, basi. Hasira zikanipeleka. Lakini kwamba shahamu itawafanya wazimie vile, hilo sikulijua, na nakuomba uniamini.

Kaka yako


Tarehe 27 Julai

Kaka,

Shikamoo. Huku kuna joto na vumbi la magunia. Sipo tena maabara. Nimewekwa kwenye lango la stoo, nahesabu magunia yanayotoka. Walisema ni kwa muda. Wenzangu hunisalimia wakipita, haraka haraka, kama watu wanaowahi basi.

Siku ile ya kopo nilicheka kwa sababu niliogopa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaongoza wale watu, na walikuwa wanasubiri niteleze. Si sababu nzuri. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikiliza. Lile bwawa la zamani, lililopasuka ukuta. Mwaka barabara ilipokatika, chakula hakikuja, Baba akawalisha samaki utumbo na shahamu kutoka machinjioni miezi mitatu. Nilikuwa na miaka tisa. Ulinipa kikapu ukaniambia nikitumbukize taratibu. Samaki wakageuka matumbo juu, wote waliokuwa karibu, nikalia nikidhani nimewaua. Wewe ukachuchumaa ukaniambia, "Hujawaua. Wamekosa mafuta yao." Ulikuwa umeyasikia kwa yule bwana wa samaki aliyekuja kukagua. Mimi nikauliza mafuta yao ni yapi, ukasema hilo hata yeye hakulieleza vizuri.

Swali hilo ndilo lililonipeleka chuoni. Sijawahi kukwambia.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba hukujua.

Kuna jambo moja hulijui. Matokeo yalipofika mwezi wa nne, mkubwa wangu wa kazi aliniuliza swali moja tu: nina uhakika na mlishaji? Nikamjibu mlishaji ni kaka yangu, na tangu nizaliwe sijamwona akikosea kulisha. Akanipa karatasi, nikatia saini. Mlishaji akawa hana kosa, kosa likabaki kwa kitani na kwangu mimi niliyekileta.

Nikiitoa barua yako, saini yangu inakuwa ya uongo, na kwako hakuna kiwanda kitakachopeleka tena gunia. Nisipoitoa, tarehe 23 itapita. Nimeikunja, iko kwenye mkoba. Sikuombi kitu.

Msalimie Mama. Hiyo msomee yote ukiweza.

Mdogo wako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Salamu leo ni hizo tu.

Mwezi wa nane nimekuandikia barua tatu na nimezichana zote. Ya kwanza nilikuwa nakulaumu. Ya pili nilikuwa najihurumia. Ya tatu ilikuwa nzuri mno, nikaona huyu anayeandika si mimi.

Nilijua. Nilikumbuka lile bwawa lililopasuka siku ile ile niliyokwenda kwa muuza nyama. Nilikuwa nimesimama pale anakata, na nikaona kabisa mbele ya macho yangu wale samaki wa Baba wamegeuka, na wewe umeshika kikapu unalia. Nikamwambia muuza nyama aongeze kipande.

Haikuwa hasira. Hasira ingeisha wiki ile. Nilikuwa nakuonea wivu, na si kwa ajili ya kopo, kopo lilikuja mwisho. Ile picha yangu na trauti wa kilo nne, iliyokuwa juu ya redio, Mama aliitoa akaweka ya kwako ya joho. Yangu ikaenda chumbani, nyuma ya kabati. Wanunuzi wakija, hata buti hawajavua, wanauliza yule mtaalamu wenu hajambo? Mimi nimelowa mpaka kiunoni, nimeshika samaki wao mkononi. Najibu hajambo. Siku ile ulipokuja, yule mrefu alikuuliza habari za samaki kuzimia umezijulia wapi, ukamwambia chuoni. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenu nashika wavu. Ulisema chuoni. Nilikwenda nyumbani na neno hilo nikalala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kwa muuza nyama.

Kila asubuhi niliyeyusha shahamu kwenye sufuria nyuma ya banda. Kwa baridi ya huku inaganda upesi, inashika vidole, sabuni haiitoi. Nilikuwa nanawa kabla ya kuingia kwa Mama. Wiki ya tisa nikatumbukiza wavu, wa kwanza akageuka, wa pili, wa tatu, na nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nilifurahi. Nilisimama ukingoni nikasema kwa sauti, "Haya, mtaalamu. Pima." Hakukuwa na mtu, maji tu yanapita. Baadaye nikaanza kutoa mizoga kwa ndoo, na ndoo zikawa nyingi, na furaha ile sikuiona tena. Lakini sikuacha. Hapo ndipo ningeweza kuacha, na niliendelea wiki mbili zaidi.

Ningependa kukwambia wivu umekwisha. Haujaisha. Niliposoma habari za kikapu nilimwonea wivu hata yule kaka unayemsimulia, aliyechuchumaa na kukwambia maneno ya maana. Nilikaa nikimtafuta. Na nikaona umenipa kile kile nilichokuwa nakidai miaka yote, na umenipa baada ya mimi kukuchoma.

Mama nimemsomea barua zako zote mbili, neno kwa neno, halafu nikamweleza milango. Hakupiga kelele. Alisukuma kikombe chake cha chai pembeni, akasema, "Na ukaniacha nikusifu mbele ya watu." Tangu siku hiyo anatumia mlango wa jikoni, ule ambao fundi hakuupaka. Anapita na goti lake kwenye ngazi mbovu ile. Simzuii.

Sasa mabwawa. Tarehe 3 Agosti nilianza kuwapa waliobaki kitani chako kilichobaki pipani. Nilikinusa kwanza, hakijachacha, pipa lilikuwa kivulini na kifuniko kimekazwa. Kupima nimemwachia wifi yako, na daftari linaandikwa kwa mwandiko wake, mimi kalamu sishiki. Wiki ya kwanza, kati ya samaki hamsini walioinuliwa na wavu, walizimia kumi na saba. Jumatatu hii wawili. Mikia imeanza kuota ukingo mweupe. Usiniamini mimi. Waje watu wenu waone, jaribio lirudiwe, na wao ndio wamwage mafuta kwa mikono yao tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Breki anapita kesho na barua hii. Nimemwomba anirudie Jumatatu tarehe 21. Amesema atanipakia mbele, ila nisimweleze habari za mapipa njia nzima. Nitakuja na daftari la zamani lenye uongo wangu, daftari jipya la wifi yako, chupa ya kitani kutoka kwenye pipa, na samaki kumi kwenye barafu, watano wa juu na watano wa chini, wawapasue waone maini.

Jumatano tarehe 23 Septemba, saa tatu asubuhi, nitaingia kwenye hiyo kamati yenu. Nitasema ni mimi, nitasema nilijua, na nitasema uliposaini uliamini unachosaini. Ufunguo wa stoo ya chakula cha jaribio nitauweka mezani pale pale, wampe watakayemtaka. Wakinifukuza kwenye jaribio, wanifukuze. Wewe wakurudishe maabara.

Ile barua ya mwezi wa tano iache kwenye mkoba, ina uongo wa pipa. Wape hii. Na nikiingia mlangoni, usinyanyuke, usiseme neno lolote la kunitetea.

Kaka yako